Asubuhi ya Kuondoka Kambini: Uchambuzi wa Kisa cha Trela Iliyochomoka

Trela ya shemeji yangu, nyumba ndogo ya kambi inayovutwa na gari, ilichomoka kutoka kwenye pikapu saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba, ikiwa haijafika hata hatua mia mbili kutoka mahali ilipokuwa imeegeshwa kwa siku tatu. Haikumjeruhi mtu. Minyororo ya usalama iliidaka, jeki ya mbele ikapinda, na safari ya takriban maili 120 tuliyotarajia kuimaliza alasiri mapema ikaisha saa mbili usiku, baada ya kuizunguka Ghuba ya Chesapeake kwa upande wa kaskazini. Watu waliokisikia kisa hiki wamekifupisha kwa maneno mawili, kwamba "alisahau pini", na maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo hayatuambii kwa nini mtu makini, aliyeivuta trela hiyohiyo kwa misimu minne bila tatizo, aisahau pini siku ile na si siku nyingine. Nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na kama itakavyoonekana, sikuwa mtazamaji tu.

Watu na chombo

Tulikuwa sita. Shemeji, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja ya Baltimore, ndiye mwenye trela na ndiye dereva. Dada yangu ndiye aliyepanga safari. Watoto wao ni wawili, wa miaka kumi na mmoja na wa miaka saba. Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Mombasa kuwatembelea wajukuu, na mimi nilikuwa na gari langu dogo kwa sababu pikapu haikututosha sote pamoja na mizigo. Kambi yenyewe ni ya kulipia, iko nje kidogo ya mji wa Berlin katika jimbo la Maryland, karibu na fukwe za Ocean City na kisiwa cha Assateague, ambako farasi wasiofugwa hutembea ufukweni na kuiba vyakula vya wageni bila haya.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuviona vyombo hivi, Wamarekani huviita kwa jumla RV, na viko vya namna mbili kuu: vilivyo na injini yake, ambavyo ni gari na nyumba kwa pamoja, na vinavyovutwa. Cha shemeji ni cha kuvutwa. Kina urefu wa futi 26, yaani karibu mita nane, na kikiwa kimepakiwa kina uzito wa ratili 6,000 hivi, ambazo ni kama kilo 2,700. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, bafu na choo. Upande mmoja una sehemu ya ukuta inayosukumwa nje kwa mota ili sebule ipanuke, nayo ni lazima irudishwe ndani kabla ya kuondoka.

Kiungo kati ya pikapu na trela ndicho kiini cha kisa hiki, kwa hiyo nitakieleza kwa makini. Nyuma ya pikapu kuna tufe la chuma lenye kipenyo cha inchi 2 na 5/16. Mbele ya trela kuna mdomo wa chuma unaoteremshwa juu ya tufe hilo kwa jeki, kisha komeo lililo juu ya mdomo linafungwa na ulimi wa ndani unalikumbatia tufe kwa chini. Komeo likishafungwa sawasawa, tundu zake mbili hulingana na pini hupita. Pini isipopita, ina maana kwamba ulimi haujalishika tufe, hata kama kwa macho kila kitu kinaonekana kimekaa. Baada ya hapo hufungwa minyororo miwili inayopishana chini ya mdomo, waya wa breki ya dharura, plagi ya umeme yenye ncha saba kwa ajili ya taa na breki, na mwisho vyuma viwili virefu vya kusawazisha uzito, ambavyo hugawa mzigo wa trela kati ya magurudumu ya nyuma na ya mbele ya pikapu. Kwa kawaida mdomo wa trela unapaswa kulilalia tufe kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, na kwa trela hii ni kati ya ratili 600 na 900.

Asubuhi yenyewe

Mpango ulikuwa kuondoka saa tatu. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umeonya tangu Ijumaa kwamba upepo mkali ungeanza kuvuma baada ya adhuhuri, na sisi tulipaswa kuvuka daraja la Ghuba ya Chesapeake, lililo kati ya kambi na nyumbani, kabla ya hapo. Uongozi wa kambi ulitaka kila nafasi iwe wazi ifikapo saa tano. Kwa hesabu za karatasini tulikuwa na nafasi ya kutosha.

Hesabu za karatasini hazina mchanga. Asubuhi ya kuondoka ufukweni, kila kitu kina mchanga: viatu, taulo, mkeka, reli za ile sehemu ya ukuta, nywele za watoto. Dada yangu alitumia karibu saa nzima kukung'uta na kufagia, na hakuwa anapoteza muda, kwa sababu mchanga ukibaki kwenye reli hukwaruza mihuri ya mpira inayozuia mvua. Wakati huohuo mama alikuwa ameweka chai. Alikuwa amekwisha kuambiwa usiku kwamba jiko lingefungwa mapema, lakini mama yetu hajawahi kuanza safari bila chai ya tangawizi, tangu enzi za basi la usiku la kwenda Nairobi, na hakuna mkwe mwenye adabu atakayemzimia mama mkwe jiko. Shemeji alisubiri. Alisimama mlangoni, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa akiwa amesimama. Mtungi wa gesi ulifungwa saa tatu kasorobo badala ya saa mbili.

Kazi za ndani ziliendelea polepole lakini vizuri. Sahani zilifungiwa kwa taulo, droo zikakazwa kwa kamba zake, mlango wa friji ukatiwa kipande chake cha kuuzuia, chupa ya mafuta ya kupikia ikashushwa kutoka kabatini na kuwekwa kwenye beseni la kuoshea vyombo. (Chupa hiyo ina historia yake, na zulia la trela ni shahidi.) Ukuta ulirudishwa ndani baada ya mtoto mdogo kupatikana na kuhesabiwa, pamoja na gari lake la plastiki lililokuwa limekwama kwenye njia yake. Nje, mtoto mkubwa alikunja turubai la kivuli na kuinua miguu minne ya pembeni inayoizuia trela isitikisike. Swichi kwenye nguzo ya umeme ilizimwa kwanza, ndipo waya ukachomolewa. Kuchomoa waya kukiwa na mzigo wa umeme huunguza ncha za plagi, na watu wengi hulifahamu jambo hilo baada ya kununua waya wa pili.

Kulikuwa na orodha. Ilichapwa, ikafunikwa kwa plastiki, na ilikuwa na mistari zaidi ya thelathini. Nilipoulizia baadaye iko wapi, ikaonekana iko kwenye droo ya jikoni ndani ya trela, ambayo mlango wake ulikuwa umekwisha kufungwa kabla kazi ya kuunganisha haijaanza. Shemeji anaijua orodha kwa moyo, na ndiyo sababu hakuwa ameisoma tangu msimu wa pili.

Sekunde arobaini

Saa tatu na nusu ilikuwa imepita alipoirudisha pikapu nyuma. Mtoto mkubwa alisimama kando akimwongoza kwa mikono. Tufe lilifika chini ya mdomo, ila lilikuwa mbele kidogo, labda kwa upana wa kidole. Mdomo uliteremshwa ukalikalia tufe kwenye ukingo wake. Shemeji alisukuma komeo, likashuka karibu lote. Alijaribu pini, haikupita. Hilo si jambo la ajabu. Hutokea mara moja katika kila safari tatu au nne, na dawa yake ni kuisogeza pikapu kidogo ili tufe liingie barabara, kisha kulisukuma komeo tena. Aliijua dawa hiyo. Alitia pini mfukoni mwa suruali na kuanza kutembea kuelekea mlango wa dereva.

Ndipo nilipomwita. Nilikuwa nimekunja mpira wa maji safi na nilitaka kuuweka kwenye sanduku la pembeni ya trela, ambalo nililikuta limefungwa. "Shemeji, ufunguo wa huku uko wapi?" Akageuka, akaja, akanifungulia, akaniambia mpira wa maji ya kunywa usikae pamoja na mpira wa majitaka, akaniletea mfuko wa kuutenganisha. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Kisha akarudi mbele ya trela, si kwenye mlango wa dereva. Mbele ya trela aliikuta minyororo ikining'inia, na mikono yake ikaanza na kile ilichokiona: minyororo, waya wa breki ya dharura, plagi. Akainua jeki. Nimejaribu kukadiria muda wa mazungumzo yetu na sidhani kama ulizidi sekunde arobaini.

Mtu aliyekatizwa katikati ya kazi hairudii kazi pale alipoiachia. Huirudia pale macho yake yanapotua. Komeo lililoshuka karibu lote linafanana mno na komeo lililofungwa. Mnyororo usiofungwa haufanani na kitu kingine chochote. Kwa hiyo kazi iliyokuwa nusu ilionekana kamili, na ile ambayo haijaanza ndiyo iliyomwita.

Hatua iliyorukwa kwa nia njema

Hata hivyo kosa hilo lilikuwa na nafasi nyingine ya kugunduliwa, na hapa ndipo kisa kinaponishughulisha zaidi. Ili kuvifunga vile vyuma vya kusawazisha uzito, mtu hulazimika kutumia jeki kuinua mdomo wa trela pamoja na sehemu ya nyuma ya pikapu, vikiwa vimekwisha kuungana, kwa sababu bila kuinua hivyo vyuma ni vigumu mno kuvivuta mpaka vifike kwenye ndoano zake. Kama komeo limeshika, pikapu huinuka pamoja na trela. Kama halijashika, mdomo huchomoka palepale, trela ikiwa imesimama, kabari zikiwa chini ya magurudumu, na hasara haizidi aibu. Yaani hatua ambayo kila mtu anaiona kuwa ni ya kusawazisha uzito, kwa siri ni kipimo cha komeo. Wavutaji wengi wenye uzoefu huinua jeki namna hiyo hata kwenye trela ndogo zisizo na vyuma hivyo, kwa ajili ya kipimo hicho pekee.

Asubuhi ile shemeji aliamua kutovifunga hadi baada ya kumwaga majitaka. Nafasi yetu ilikuwa na maji na umeme bila bomba la majitaka, kwa hiyo ilitubidi tupitie kituo cha kumwagia kilicho karibu na lango. Njia ya kufika huko ina kona mbili kali, na vyuma hivyo hulia na kukwaruza kwenye kona kali. Sababu yake ilikuwa ya mantiki, na ningeweza kuikubali hata leo kama ningeulizwa juu ya vyuma peke yake. Asichokifikiria, na sidhani kama wengi wetu tungekifikiria, ni kwamba kwa kuahirisha kazi moja alikuwa anaahirisha mbili.

Kuna na jambo la tatu, dogo lakini la kweli. Choo cha trela hii kiko nyuma kabisa, na matangi yake mawili, la choo na la maji ya kuogea, yako nyuma ya magurudumu. Siku ya kuondoka ndiyo siku ambayo matangi yamejaa kuliko siku zote. Galoni moja ya maji ina uzito wa ratili 8 na zaidi, na tangi la galoni 30 lililojaa ni kama ratili 250. Uzito huo ukikaa nyuma ya magurudumu hufanya kama mtoto mzito kwenye ncha ya pembea ya ubao: huinyanyua ncha ya pili. Mdomo ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tulipofika Ijumaa, na mdomo mwepesi hurushwa kirahisi.

Ukarushwa. Njia ya kambi ina tuta la kupunguzia mwendo. Pikapu ilivuka, magurudumu yake ya nyuma yakashuka, na nilipokuwa nyuma yao katika gari langu niliona paa la trela likiinama mbele kama ngamia anayepiga magoti. Hakukuwa na mshindo mkubwa. Kulikuwa na mlio wa chuma kwenye kokoto, kisha sauti ya dada yangu. Kwa kuwa minyororo ilipishana, mdomo uliangukia juu yake badala ya kuchimba barabara, na kwa kuwa mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea, trela haikuigonga pikapu ila kwa mguso. Waya wa breki ya dharura, ambao hufunga breki za trela endapo itaachana kabisa na gari, haukuvutwa, nao haukupaswa kuvutwa kabla ya minyororo kukatika. Mguu wa jeki ndio uliogonga tuta na kupinda.

Msaada

Jeki iliyopinda haipandi wala haishuki, na bila jeki mdomo wa trela wenye ratili mia kadhaa hauinuliwi kwa mikono ya watu watatu. Aliyetuokoa ni mzee mmoja Mmarekani, mstaafu, ambaye yeye na mkewe wanaishi katika gari lao la kambi mwaka mzima. Alikuja bila kuitwa, akiwa na jeki ndogo ya mafuta na vipande vya mbao. Aliwataka watoto wakae mbali, akaweka kabari kwenye magurudumu ya trela, akapanga mbao kwa kupishanisha kama mtu anayejenga tanuri, kisha akainua kidogo na kutia mbao, akainua tena na kutia mbao. Boliti tatu zilizoshika jeki iliyopinda zilifunguliwa na jeki ikatolewa. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Magari mengine yaliyokuwa yakielekea kumwaga majitaka yalisimama nyuma yetu katika foleni ambayo sikupenda kuitazama, ingawa hakuna aliyepiga honi.

Pini ilipohitajika, haikuonekana. Tulitafuta kwenye kokoto, chini ya pikapu, kwenye tuta. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja na kikapu chake mapajani, alimwambia shemeji, "Mwanangu, jipapase mfukoni." Ilikuwemo.

Baadaye, tulipokuwa tukisubiri zamu ya kumwaga, mama alituuliza swali ambalo nimelifikiria mara nyingi. Babu yetu alikuwa dereva wa malori kati ya Mombasa na bara, na mama aliuliza utingo wa gari hili ni nani. Tulidhani anatania. Alieleza kwamba babu hakuwahi kuingiza gia mpaka utingo azunguke lori, aguse turubai, kamba, matairi na komeo la mlango wa nyuma, kisha apige bati kwa kiganja mara mbili. Dereva mwenyewe hakuruhusiwa kujipigia bati. Katika familia yetu siku ile kila mtu alikuwa anafanya kazi, na hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutofanya kazi yoyote zaidi ya kutazama.

Kumwaga majitaka hakuhitaji maneno mengi. Tangi la choo hufunguliwa kwanza, kisha la maji ya kuogea, ili maji yenye sabuni yausafishe mpira. Glavu huvaliwa na watoto hufukuzwa. Tulimaliza, tukatumia jeki ya mzee kufunga vyuma vya kusawazisha uzito, na safari hii sote tuliiona pikapu ikiinuka pamoja na trela. Tulimshukuru mzee, akakataa pesa, akakubali chapati. Tulitoka langoni saa saba kasorobo.

Daraja

Daraja la Ghuba ya Chesapeake lilifunguliwa mwaka 1952, na la pili likajengwa kando yake mwaka 1973. Lina urefu wa maili 4.3, na katikati meli kubwa hupita chini yake. Upepo unapovuma mfululizo kwa zaidi ya maili 40 kwa saa, wasimamizi wa daraja huweza kuzuia trela za makazi na malori matupu ya sanduku. Ukuta wa trela ya futi 26 ni tanga, tena tanga lisiloweza kukunjwa. Laiti tungetoka saa tatu, au hata saa nne na robo kama ilivyokuwa kabla ya tuta, tungefika darajani upepo haujafika. Tulipokaribia Queenstown, mji ulio kabla ya daraja, takriban saa tisa kasorobo, vibao vya barabarani vilikuwa vimekwisha kutangaza zuio.

Uamuzi uliofanywa hapo ndio ambao siukubali hata leo, na nimemweleza shemeji hivyo. Tuliegesha kwenye uwanja wa maduka na kujadiliana kwa karibu saa nzima. Njia mbili zilikuwapo: kusubiri hapo mpaka upepo utulie, au kupanda kaskazini kwa barabara ya 301, kuizunguka ghuba kwa juu na kushuka kwa barabara kuu ya I-95. Shemeji alikuwa na zamu alfajiri, watoto walikuwa na shule, na kukaa bila kufanya lolote kulionekana kama kushindwa mara ya pili katika siku moja. Tukachagua kuzunguka. Ila upepo uliofunga daraja ulikuwa uleule uliokuwa ukivuma mashambani kwenye barabara ya 301, na kuendesha maili 80 na zaidi za ziada ndani yake, kwa dereva aliyeamka alfajiri na kutikiswa na ajali, kulikuwa na hatari kubwa kuliko ile tuliyoiepuka. Trela, chumba cha kulala na jiko vilikuwa papo hapo nyuma yetu. Tulikuwa watu pekee kwenye uwanja ule wenye kitanda na sufuria, na hatukukumbuka kuvitumia.

Kuzunguka nako kulikuwa na fundo lake. Tulipofika Baltimore kutoka kaskazini, njia fupi ya kwenda nyumbani, Glen Burnie, ni kupita chini ya bandari, lakini mahandaki yote mawili ya bandari hayaruhusu magari yenye mitungi ya gesi ya zaidi ya ratili 10 kila mmoja, hata ikiwa imefungwa, na mitungi miwili ya trela yetu ni ya ratili 20. Zamani magari ya namna hii yalipita juu ya daraja la Francis Scott Key. Daraja hilo liliangushwa na meli ya mizigo iitwayo Dali usiku wa manane wa Machi 26, 2024, na wafanyakazi sita waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake walifariki. Tangu hapo mwenye mtungi hana budi kuzunguka jiji lote kwa upande wa magharibi. Tulizunguka, gizani, katika msongamano wa Jumapili jioni. Nyumbani tulifika saa mbili, tukagundua kwamba bila jeki trela haiwezi kutenganishwa na pikapu. Shemeji alikwenda kazini alfajiri kwa gari langu.

Kilichobadilishwa

Tulipokaa kuchambua siku ile, wiki moja baadaye, dada yangu alipendekeza orodha mpya yenye mistari mingi zaidi. Sikuafiki. Orodha ya zamani ilikuwa na mstari wa pini, na ilikuwa na mstari wa kuinua jeki kama kipimo. Haikukosa maneno, ilikosa mtu wa kuisoma, na ilikosa kutofautisha kazi zinazoweza kuachwa katikati na zile zisizoweza. Mtu anaweza kuacha kufagia katikati, akaenda kufungua sanduku, akarudi akafagia. Kuunganisha mdomo na tufe hakuachwi katikati. Mtu akikatizwa, anaanza upya tangu komeo, hata kama ana hakika.

Kwa hiyo mambo yaliyobadilika ni machache. Orodha imetolewa jikoni na kuwekwa mlangoni mwa pikapu. Mtu akishika komeo, hakuna anayemsemesha, na katika hili mimi ndiye ninayekumbushwa zaidi. Vyuma vya kusawazisha uzito hufungwa palepale kwenye nafasi hata kama vitalia kwenye kona, na endapo kona ni kali kupita kiasi, jeki huinuliwa kwa ajili ya kipimo kisha vyuma vikaachwa. Mtoto mkubwa ndiye utingo. Hafanyi kazi nyingine katika nusu saa ya mwisho, na mara ya kwanza aliyopewa cheo hicho alikataa kupiga bati kwa sababu ngazi ya mlango ilikuwa bado chini, jambo ambalo sisi wakubwa wanne tulikuwa tumelipita.

Badiliko moja ni la shemeji mwenyewe, na hakumwomba mtu ushauri. Amefunga pini kwa kamba fupi kwenye ufunguo wa pikapu. Gari likisimama kambini, pini na ufunguo hukaa pamoja kwenye ndoano moja. Hawezi kuwasha injini kwa starehe huku kipande cha chuma kikining'inia kwenye usukani na kugonga goti lake. Safari ya mwezi Mei niliiona ikigonga mara moja. Alizima injini, akashuka, akaenda mbele ya trela bila kusema neno.